Modemu ya Fundi Saa

Taa ilikuwa ya kijani na ilikuwa inakonyeza. Mara mbili, kimya; mara mbili, kimya. Mahamudi alikuwa ameikodolea macho tangu alipoanza chai, na chai yenyewe hakuimaliza.

"Bado?" Riziki, mkewe, aliuliza kutoka uani.

"Bado."

"Iko inasema nini?"

"Haisemi kitu. Iko inanikonyeza tu, sawa vile tunajuana."

Kilichomkonyeza kilikuwa modemu: kijiti cheupe cha plastiki, kirefu kama kidole cha kati, kilichochomekwa ubavuni mwa kompyuta ya zamani ambayo binti yao Sumaya aliiacha alipohamia Nairobi. Kazi ya kijiti hicho, kama Mahamudi alivyoelezwa, ni kuvuta intaneti kutoka hewani na kuiingiza ndani ya kompyuta, popote ulipo, bila waya. Taa ikiwa ya kijani, inatafuta mtandao, rezo kama wanavyouita Uvira. Ikiwa ya buluu, imepata. Basi, hakuna zaidi. Lakini ilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi, siku ya tano tangu kichomekwe, taa bado inatafuta, na saa saba mchana Mahamudi alitakiwa aonekane Nairobi, uso wake na sauti yake, ili amwoze binti yake.

Juu ya meza, kwenye msumari, ilining'inia saa ya mkononi isiyo na mkanda. Mahamudi alikuwa fundi saa, na saa zote za nyumba hiyo zilikwenda sawasawa kwa majira ya Uvira, hapa Kongo, isipokuwa hiyo moja, ambayo aliisogeza mbele saa nzima tangu mwezi uliopita. Ilikuwa saa ya Nairobi. Ndoa ingefungwa saa nane ya saa hiyo, na mshale wake ulikuwa umeshapita nne bila kumwonea mtu haya.

Nje majembe yalikuwa yanakwaruza mitaro. Jumamosi asubuhi ni salongo, usafi wa lazima, Uvira nzima inafagia na vibanda vyote vimefungwa, kwa hiyo hata mtu wa kumuuliza hakuwepo. Mkuu wa avenue, yaani wa mtaa, alipopita kuuliza mzee wa nyumba yuko wapi, Riziki alimjibu kwamba mzee yuko harusini. Mkuu alichungulia mlangoni, akamwona mzee peke yake mbele ya kompyuta, akaenda zake.

Simu ya kitochi ikalia. Alikuwa Sumaya.

"Salaam alaykum, Baba. Rezo imekuja?"

"Bado, mama."

Nyuma ya sauti yake wanawake walicheka, sufuria ziligongana. Kisha akasikia mlango unafungwa na kelele zikabaki upande wa pili.

"Baba, niulize kitu? Usikasirike."

"Uliza."

"Kama roho yako haitaki, sema tu. Baba mudogo Lukumani iko hapa, atasimama kwa jina yako, shehe amekubali. Minye nitaelewa. Lakini usiseme ni rezo, Baba. Kila mutu akikataa kitu anasema ni rezo."

"Ni rezo, mama."

"Sawa, Baba," alisema Sumaya. Ilikuwa ile sawa ya mtu aliyekwisha kuacha kungoja.

Mahamudi aliweka simu mezani taratibu. Iliuma. Iliuma zaidi kwa sababu binti alikuwa na haki yake yote, maana maneno hayo ya rezo hakuyatunga yeye.

Miaka miwili nyuma, Sumaya alipompigia kusema amepata mchumba, Mahamudi aliuliza ni mtoto wa nani. Akaambiwa ni Eugène, wa Runingu, aliyesoma naye hapa Uvira. Watu wa mpunga, Wakatoliki tangu babu wa babu. Lakini amesilimu, Sumaya aliharakisha kusema, sasa anaitwa Idrisa. Mahamudi, ambaye ukoo wake ulifika ufukweni hapo na biashara ya ziwa na haujaacha kuswali tangu siku hiyo, alijibu kwamba huyo amesilimu kwa sababu ya mwanamke, na siku mapenzi yakipoa atarudi zake misa. Kisha akaongeza, kwa sababu ana ulimi huo: "Siku ya harusi hiyo mutanitafuta ku simu, mutaambiwa rezo hakuna."

Akakata. Na kijana wa Runingu akaanza kumpigia kila Idi. Idi ndogo, Idi kubwa, asubuhi baada ya swala, namba ya Kenya isiyo na jina ilipiga, na Mahamudi aliiangalia mpaka ichoke. Hakuipa jina lakini aliijua kwa moyo. Mwaka huu, Idi ndogo, simu haikulia. Alikaa nayo mezani mpaka alasiri. Alimwambia Riziki imeharibika, akaifungua, akasugua vyuma vyake kwa spiriti ingawa vilikuwa visafi. Baadaye ilijulikana kwamba kijana alikuwa ameibiwa simu siku hiyo, lakini wakati huo maji yalikuwa yamekwisha kumwagika: kesho yake Mahamudi alikuwa amempigia Sumaya mwenyewe na kumwambia, waambie hao watu waje. Wazee wa Runingu wakaja na magunia yao ya mchele na heshima zao, wakapokewa vizuri. Kitu kimoja tu kilibaki. Hakuwahi kulitamka jina la Idrisa. Alisema "yule wa Runingu", na Sumaya alijua.

Ndiyo maana alitaka kusema kwa kinywa chake. Katika ndoa baba hutaja jina la mkwe, mbele ya mashahidi, na akishalitaja limetajwa. Lukumani angelisema vizuri, kwa sauti nzuri kuliko yake, na Sumaya angebaki na mashaka maisha yake yote. Shehe wa Nairobi kwa upande wake alikuwa na sharti: sauti peke yake haitoshi, sauti siku hizi zinaigizwa, lazima auone uso. Saa nane kamili, kwa sababu saa tisa ana ndoa nyingine. Asipoonekana, Lukumani atasema kama wakili wake.

Saa nne salongo ilikwisha. Mahamudi alifunga kompyuta ndani ya kitambaa, akaenda mtaa wa Kimanga kwa Jolie.

Jolie alikuwa mama wa makamo aliyeuza mega za intaneti na kadi za simu kwenye kibanda kilichotazamana na meza ya Mahamudi ya kutengenezea saa. Nusu ya mtaa ilimwita injenia, na nusu nyingine ilikuwa haijapata tatizo bado. Alikuwa bado ana koleo la salongo mkononi.

"Papa Mahamudi. Ile modeme ingali?"

"Ingali."

Jumanne jioni, alipoichomeka mara ya kwanza, taa iliwaka buluu papo hapo. Ndiyo, papo hapo. Lakini kwenye kioo cha kompyuta likatokea jina la kampuni ya Burundi, na Mahamudi akakichomoa kijiti kama mtu anayetoa mkono kwenye sufuria ya moto. Mtu yeyote wa Uvira angefanya hivyo. Bujumbura iko hapo ng'ambo, rezo yake inavuka maji bila kuomba kibali, na simu yako ikisogea ziwani kidogo inaidaka. Unanunua ndagala zako, dagaa wa ziwa hili, kwa amani, simu inalia, unasoma karibu Burundi, na kabla hujalipa ndagala unite zote za salio zimenyonywa, maana sasa wewe ni mgeni katika nchi ambayo hukwenda. Kwa hiyo watu wa Uvira wamejifunza: ukiona Burundi, kataa. Wazee wamejifunza, wasiojua kusoma wanajua umbo la jina lile na kitufe cha kulikataa.

Basi Jumatano Mahamudi alimletea Jolie kompyuta, akamwambia, modeme yangu inakimbilia Burundi. Jolie, mwenye wateja sita kwenye foleni, alifanya anachowafanyia wote. Aliondoa alama mahali palipoandikwa kwamba modemu ijichagulie rezo yenyewe, akachagua rezo ya Kongo kwa mkono, akaifungia hapo. "Sasa haitatoroka tena," alisema, na kweli haikutoroka. Ikaanza kukonyeza kijani.

Leo aliijaribu tena tangu mwanzo. Akachomoa, akachomeka. Akazima kompyuta, akawasha. Akachagua rezo ya pili ya Kongo badala ya ya kwanza. Kila mara, baada ya dakika mbili, kioo kiliandika kwa Kifaransa maneno yale yale: kuingia kumekataliwa.

"Inakataliwa na nani?" Mahamudi aliuliza. "Minye siko mwizi."

"Haisemake ni nani."

Ilinunuliwa wapi?

Swali hilo Jolie hakuliuliza. Lingeokoa asubuhi nzima, lakini nusu ya vitu vya Uvira vimetoka Bujumbura, kuanzia sabuni mpaka kiti alichokalia yeye, na hakuna anayeuliza. Badala yake akatoa simu yake kubwa. "Tujaribu na hii. Lakini nakuambia kabisa, tangu mvua ya Jumatatu internet ya hapa iko mugonjwa. Message inapita. Video, sijue."

Wakajaribu. Sumaya alitokea kwenye kioo akiwa amevunjika vipande vya mraba, jicho upande huu, hina ya mkono upande ule. Sauti ya shehe, aliyekuja mapema kupanga mambo, ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Walisikia "hapana" na "mzee" na "huyu anaweza kuwa mtu yeyote". Kisha vipande vikasimama.

"Pole, Papa," alisema Jolie.

"Gratien alisema kila kitu iko ndani, nichomeke tu." Gratien alikuwa jirani yake mfanyabiashara, ndiye aliyemletea kijiti Jumatatu, na sasa simu yake ilikuwa imezimwa, yuko barabara ya kwenda mji wa Baraka huko na mizigo yake. "Kila kitu iko ndani. Nitamuonyesha iko ndani ya nini."

Alirudi nyumbani saa tano na nusu. Alipitia duka la mchinjaji, duka la vitambaa, watu wakamsalimia na kumuuliza harusi saa ngapi, akawajibu saa saba, saa saba, Inshallah, na kila aliyejibiwa alizidi kumtia hasira. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Betri ya kompyuta ilisema asilimia thelathini na nane.

Riziki alikuwa ameshavaa. Kitenge kipya, kilemba, wanja. Alimtazama usoni.

"Mupigie Lukumani," alisema. "Aseme yeye. Saa zinakwenda."

"Sumaya ataona ni minye nilikataa."

"Sasa utafanya nini? Utalia na modeme?"

"Ni hii rezo—"

"Si rezo, Baba Sumaya." Riziki hakupandisha sauti; mambo mazito huyasema kwa sauti ya kuuliza chumvi. "Rezo ni ya siku tano. Yale maneno yako ni ya miaka mbili. Weye njo uliyatoa. Mutoto ameyabeba mpaka leo, na leo unataka ayaweke chini kwa sababu weye uko na haraka."

Mahamudi aliichukua kompyuta. Aliingia chumbani, akakaa kwenye meza yake ndogo, akachomoa modemu na kuibamiza mbele yake. Alitaka kuivunja. Aliitaka nyundo kabisa. Saa ikikusumbua unaigeuza, unafungua mgongo wake, unaona: gurudumu hili limekwama, springi hii imechoka, tatizo liko hapa na jina lake ni hili. Lakini kitu hiki hakikuwa na mgongo. Hakikuwa na hata skrubu moja. Kimefungwa kama yai, kinakukonyeza, na ukikiuliza kinakuambia umekataliwa. Mtu wa miaka hamsini na tisa, ambaye alitengeneza saa za mapadri na za makanali, amekaa siku tano anabembeleza yai.

Mikono yake, kwa mazoea ya mikono ya fundi mwenye hasira, ilikuwa imeshaanza kazi bila yeye. Kidole gumba kilipita pembeni ya plastiki, kikazunguka, kikarudi. Kuna mahali ukucha ulikwama kidogo. Akapita tena. Ukakwama tena, pale pale.

Akaivaa lenzi yake jichoni. Akachukua kisu chembamba cha kufungulia migongo ya saa, akakiingiza kwenye ule ufa, akasukuma bila nguvu. Kifuniko kidogo kikateleza kando. Kijiti kilikuwa na mlango. Siku tano kilikuwa na mlango.

Ndani yake kililala kipande cha kadi ya simu, kile kile kinachokaa ndani ya kitochi chake. Mahamudi hakuwa amejua kwamba modemu nayo huvaa kadi. Kwa akili yake kijiti kilivuta intaneti ya mahali kilipo, kama ndoo inavyochota maji ya kisima ulichosimama. Kumbe ni simu tu, simu isiyo na mdomo, na kama simu zote ina kwao. Akaitoa kadi kwa kibano, akaisogeza dirishani. Kwa jicho la kawaida mgongo wake ulikuwa na vumbi jeusi. Kwa lenzi, vumbi likawa tarakimu. Nane, tisa, mbili, tano, saba.

Akasoma tena. Mbili, tano, saba.

Hakuna mtu wa Uvira asiyejua mbili tano saba. Nyumbani ni mbili nne tatu. Ukitaka kumpigia mtu wa ng'ambo unaanza na mbili tano saba. Hiyo ndiyo Burundi.

Akakaa na kadi kwenye ncha ya kibano, mdomo wazi. Kwanza alimkasirikia Gratien, kisha Jolie, kisha, kwa kuwa wote wawili hawakuwepo na yeye alikuwepo, akajikasirikia mwenyewe, kwa nguvu na kwa haki.

"Mama Sumaya. Kuja."

Riziki alisimama mlangoni.

"Hii kitu ni ya Burundi. Iko na karte ya Burundi ndani. Tangu Jumanne inataka kushika rezo ya kwao, na minye niko naikatalia. Niko nailazimisha ishike ya Kongo, na ya Kongo haiijue."

Riziki alifikiri kidogo. "Kwa hiyo mukataaji ni weye."

"Ni minye."

"Sawa," alisema Riziki. "Basi kubali."

Akairudisha kadi, akafunga kamlango, akachomeka. Akatafuta pale Jolie alipoondoa alama, akaiweka tena: ijichagulie yenyewe. Kijani, mara mbili. Kijani, mara mbili. Buluu. Akabana pumzi. Kijani tena. Juu yao kulikuwa na mabati, pande zote nyumba za watu, na Burundi ilikuwa mbali. Akaibeba kompyuta mpaka uani kama mtu aliyebeba bakuli limejaa. Buluu ilikaa kidogo zaidi, ikapotea.

"Ziwani," Mahamudi alisema.

Adhana ya adhuhuri ililia wakati huo huo. Aliswali haraka kuliko ilivyo adabu, akamwomba Mungu amsamehe haraka hiyo, akavaa kanzu, akang'oa ile saa ya Nairobi msumarini. Wakatoka, yeye mbele amekumbatia kompyuta, Riziki nyuma na mkeka kwapani, wanashuka kwa miguu kwenye barabara ya vumbi, na salamu za harusi saa ngapi zikawafuata mpaka mwisho wa nyumba.

Ufukweni wanaume walikuwa wanaosha pikipiki, magurudumu ndani ya maji, sabuni inateleza juu ya mawimbi madogo. Mama mmoja aligeuza ndagala zake mchangani. Ng'ambo, chini ya milima, Bujumbura ilionekana nyeupe. Kitochi kikalia mfukoni mwa Mahamudi: karibu Burundi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliusoma ujumbe huo mpaka mwisho.

Riziki alitandika mkeka. Mahamudi alichomeka modemu. Kijani. Buluu. Buluu. Ikabaki buluu, imetulia.

Lakini kioo kilikuwa cheusi kwa jua, wakajiona wao wenyewe ndani yake. Riziki akavua kile kitenge cha juu, akakitupia kichwani mwa mumewe na juu ya kompyuta, naye akaingiza kichwa. Ndani ya kivuli hicho cha maua mekundu betri ilisema kumi na tisa. Saa ya Nairobi ilisema nane na dakika mbili. Alibonyeza jina la Sumaya. Iliita, ikakatika. Alibonyeza tena. Pembeni, mwosha pikipiki mmoja aliuliza mwenzake wale wazee wamepatwa na nini.

Ikapokewa.

Alimwona kwanza Lukumani, mdogo wake, amekaa kwenye zulia, mkono wake umeshanyooshwa kwa kijana mwenye kofia nyeupe. Shehe alikuwa katikati. Wote wakageuka.

"Kaka?" alisema Lukumani, akarudisha mkono.

"Mzee, tunaona giza," alisema shehe. "Uko wapi?"

"Niko chini ya kitenge ya bibi yangu."

Chumba kizima kikacheka, hata shehe. Riziki aliinua upindo wa mbele kidogo, mwanga ukampiga Mahamudi usoni na kioo hakikufa. Sumaya alisogea kutoka upande wa wanawake, hina mpaka viwikoni, akainama kwenye simu. Alimtazama tu baba yake, jasho, kanzu, alama nyekundu ya lenzi kuzunguka jicho la kulia, akakaa chini pale pale zuliani.

"Ndiye?" shehe aliuliza.

"Ndiye," alijibu Sumaya.

"Mzee, sema. Tunakusikiliza."

Mahamudi alikuwa ameyarudia maneno hayo mwezi mzima juu ya meza yake, mbele ya saa zilizofunguliwa. Akayasema. Alipofika mwisho aliona midomo ya wale wa kule ikiwa wazi, haijasogea. Picha ilikuwa imesimama. Ikaachia.

"Hatukusikia, Mzee. Rudia."

Betri ilisema kumi na moja. Akarudia, polepole. Nimekuoza wewe, Idrisa, binti yangu Sumaya, kwa mahari mliyopatana.

"Imekatika katikati," alisema shehe. "Jina la bwana harusi halikufika. Ni lazima tulisikie."

Miaka miwili hakulitaja, na alipolitaja ziwa limelimeza. Akaondoa kitenge kichwani. Kioo kikawa cheusi, hakumwona mtu yeyote tena, aliona uso wake na mawingu nyuma yake. Lakini taa ilikuwa ya buluu. Akaiinamia kama anayemsemesha mtu aliye upande wa pili wa mto.

"Nimekuoza weye, Idrisa," alisema, kwa sauti iliyowageuza waosha pikipiki wote, "Idrisa, wa Runingu, binti yangu Sumaya, kwa mahari mliyopatana."

Akasikiliza. Sauti ya kijana ikaanza, nzito, yenye kutetemeka, "Nimeku—", ikazama, ikaibuka kwenye neno jingine. Kisha kigelegele. Mwanamke mmoja, wawili, sauti zikapanda pamoja, zikafika nusu.

Kompyuta ikazima. Na kwa sababu kijiti kilikula kwenye betri hiyo hiyo, taa yake nayo ikazima, si buluu, si kijani.

Maji yalipiga mchanga. Mama wa ndagala alikuwa amesimama na samaki mkononi. Mahamudi alibaki amepiga magoti mbele ya kile kioo cheusi, hajui ni kigelegele cha ndoa iliyofungwa au cha baba aliyeonekana tu, na alikuwa anafungua mdomo amuulize mkewe, Riziki alipoinuka kwenye mkeka, akaweka mkono mmoja juu ya mdomo, akakichukua kigelegele kutoka pale kilipokatikia. Akakipandisha peke yake, kirefu, mbele ya pikipiki na sabuni, mpaka pumzi ikamwishia. Mama wa ndagala alimpokea bila kuuliza sababu.

Ndani ya kanzu kitochi kikaanza kutetemeka, kisha kulia. Mahamudi alikitoa. Ile namba ya Kenya ya kila Idi, haina jina.

Akavifuta vidole vyake kwenye kanzu. Aliiweka simu sikioni kabla ya kubonyeza, akainamisha kichwa kama anavyosikiliza saa aliyotoka kuifunga mgongo, ahakikishe inatembea. Ikalia mara moja. Ikalia mara ya pili.